Godoro la Malampaka

Godoro lilitolewa nje Jumatano saa nne asubuhi. Aliyelibeba ni Dastan, aliyeshika kiberiti ni mama yake, Nyanjige, na mwenye godoro, Joyness, mkewe Dastan, alisimama mlangoni na mtoto wao, Marcelo, begani akitazama. Alikuwa na la kusema, tena kubwa, ila hakuwa na pa kulisemea. Katika nyumba ile ya Nkololo neno la mwisho lilikuwa la Nyanjige. Lilikuwa lake tangu mumewe alipofariki, na tukisema ukweli lilikuwa lake hata mume alipokuwa hai.

"Mayu," Joyness alijaribu, akimwita mkwewe kama mtu anavyomwita mama yake mzazi. "Hili godoro lina mwaka na zaidi humu ndani. Mbona mwaka jana Marcelo hakukohoa?"

"Mwaka jana lilikuwa jipya. Pamba ikizeeka ndiyo inatoa vumbi. Wewe umelima pamba miaka mingapi?"

"Basi tulianike juani siku mbili, tatu..."

"Tuanike ugonjwa! Halafu jioni tuurudishe ndani ulale na mtoto?"

Dastan alikuwa bado amelibeba, shingo imepinda. "Mama, labda niliweke kule jiko la zamani, tusubiri tuone."

"Dastan. Weka chini."

Akaweka chini. Mtu wa miaka thelathini na nne, ana mke na watoto wawili, akaweka chini kama alivyokuwa akiweka ndoo ya maji alipokuwa darasa la tatu. Kisha akajifanya ana kazi zizini, akaenda zake.

Pamba haiungui kama nyasi. Ilifukafuka tu, moshi mweupe mzito, na kitambaa chenye mistari ya bluu kikajikunja taratibu kuanzia pembeni. Upepo ukageuka, moshi ukaelekea mlangoni. Marcelo akakohoa, kikohozi cha kubanwa, akakohoa tena mpaka macho yakajaa machozi. Joyness akaingia ndani akafunga mlango. Godoro lilifuka mpaka jioni, na usiku ule mama na mtoto walilala kwenye mkeka.

Sasa usije ukadhani Nyanjige alikuwa mtu mbaya. Wabaya wapo, tunawajua, na yeye hakuwa mmoja wao. Alizaa watoto wanane, akazika wawili, na wote wawili aliwazika Juni, mwezi wa pamba, kwa kikohozi.

Wanaolima pamba hawahitaji kuelezwa. Mavuno yakianza, pamba inaingia ndani kwa sababu nje kuna mvua ya ghafla na kuna wezi. Inajaa chumba cha kwanza, inajaa cha pili, inafika darini, na familia nzima inabaki na chumba kimoja. Watoto wanairukia na kujizika humo, wanatoka na nyuzi kwenye nywele. Na kila mwaka, mpaka gari la kuchukua pamba lije, watoto wanakohoa. Pamba ikiondoka, kikohozi nacho kinaondoka. Nyanjige aliliona hilo miaka thelathini. Hakufundishwa na mtu, aliliona kwa macho yake, na wanawe wawili walikuwa ushahidi wake.

Marcelo alizaliwa Aprili ya mwaka ule wa korona. Juni ilipofika Nyanjige alisimama uani akatangaza kwamba pamba haitaingia ndani ya nyumba yenye mtoto mchanga, itakwenda jiko la zamani, na atakayebisha akalale nayo huko. Wakahamishia jikoni. Mwaka ule hakuna mtoto aliyekohoa. Hata kamasi, hakuna. Marcelo alinenepa, mashavu yakajaa mpaka macho yakawa madogo. Mwaka uliofuata pamba ikaenda jikoni tena, na kifua cha mtoto kikaendelea kuwa kikavu.

Ndiyo hapo Nyanjige alipopata jina. Alisimama katika jumuiya yao, baada ya sala, akawaambia akina mama watoe pamba wanapolala watoto, na mito ya pamba pia, na magodoro. Wakamsikiliza. Walianza kumwita Daktari wa Pamba. Ilianza kwa utani, lakini baada ya muda wakawa wanamaanisha.

Mambo mengine ya miaka ile hakuyafikiria. Shule zilifungwa. Harusi ya mpwa wake iliahirishwa mara mbili. Watu walisalimiana kwa viwiko, kanisani walikaa mtu mmoja kila mwisho wa benchi, na pale mlangoni ilikuwepo ndoo ya maji yenye koki. Mjukuu wake mkubwa, Jenifer, hakutoka nje ya uzio, na Marcelo hakubebwa na mgeni hata mmoja mpaka alipoanza kutembea. Yote hayo yalikuwa mambo ya serikali na redio. Pamba ilikuwa jambo lake.

Godoro nalo lilikuwa na habari yake. Lilitoka kwa Apolonia, mama yake Joyness, mjane aliyeishi Malampaka karibu na stesheni. Apolonia aliposikia amepata mjukuu wa kiume, alichukua pamba ya shamba lake mwenyewe, ile safi, siyo fifi, ile chafu ya daraja la pili, akakaa kibarazani msimu mzima akitoa mbegu moja moja kwa vidole. Mashine haikuigusa. Novemba godoro likaja juu ya lori la mahindi, limefungwa kwa kamba ya katani, na ndani yake kulikuwa na majani makavu yenye harufu ya kama ndimu, ambayo Apolonia peke yake ndiye aliyejua aliyachuma wapi. Februari Apolonia akafariki. Aliugua siku nne. Redio wakati ule ilikuwa inasema changamoto ya upumuaji, na Malampaka nao wakasema hivyo hivyo. Joyness hakwenda kumzika mama yake. Nyanjige alimkatalia asimpeleke mtoto anyonyaye kwenye msiba wa namna ile, na katika hilo hatuwezi kumlaumu. Lakini Joyness alirudi chumbani, akalala kifudifudi juu ya lile godoro, na hakuamka mpaka kesho yake.

Sasa ilikuwa Februari nyingine. Jenifer alikuwa ameanza darasa la kwanza mwezi uliopita, na wiki ya tatu akarudi na mafua. Baada ya siku tano Marcelo, aliyekuwa anakaribia miaka miwili, naye akaanza. Shambani pamba ilikuwa bado ya kijani, ndiyo kwanza inatoa maua. Jiko la zamani lilikuwa tupu, limefagiliwa. Nyanjige akazunguka nyumba nzima akitafuta pamba, kwa sababu kwake kikohozi cha mtoto bila pamba hakikuwepo duniani. Akaipata chini ya shuka la mkwewe.

Alhamisi homa ilipanda. Nyanjige alimpaka mtoto samli ya moto kifuani na mgongoni, akamfunga kanga, akamwimbia. Mikono yake ilikuwa mizuri kwa watoto, hilo halina ubishi. Mtoto alitulia kidogo, kisha akaanza kuhema harakaharaka kama mtu aliyekimbizwa.

"Mayu, twende hospitali," Joyness akasema.

"Vumbi la mwaka mzima haliwezi kutoka kifuani siku moja. Mpe siku tatu. Chanzo tumeshakitoa."

"Anahema vibaya."

"Anahema kwa sababu linatoka. Wanangu nimewalea kabla wewe hujazaliwa."

Joyness akainama. Angeweza kusema kwamba wawili kati ya hao wako makaburini nyuma ya mkonge. Hakusema. Alikuwa amelelewa vizuri, na siku ile malezi mazuri hayakumsaidia.

Ijumaa mchana Nyanjige alikuwa anapepeta mchele nyuma ya nyumba, akawasikia wanazungumza upande wa pili wa ukuta.

"Nipe nauli tu," Joyness alikuwa anasema. "Nitakwenda mwenyewe. Sikuombi unisindikize."

"Mama amesema tusubiri mpaka kesho."

"Mtoto ni wa nani, Dastan?"

Halafu sauti ya Dastan, ya chini: "Unamjua mama. Tukienda bila ruhusa yake itakuwa vita humu ndani. Kesho si mbali."

Nyanjige alisikia kila neno, akaendelea kupepeta. Na alifurahi. Tuseme tu kama ilivyokuwa: alifurahi kwamba mwanawe bado anamsikiliza. Furaha ile ndogo ya dakika moja, na ungo mkononi, ndiyo itakayokuja kumsumbua kuliko hata kiberiti.

Jumamosi asubuhi Marcelo alikataa ziwa. Akapewa uji, ukatoka puani. Nyanjige akamvua kanga amtazame. Kila alipovuta pumzi, mbavu zilionekana zote na nyama ya chini ya mbavu iliingia ndani, ikatoka, ikaingia. Pua zilikuwa zimetanuka. Midomo haikuwa na rangi ya midomo. Nyanjige alikuwa ameona mbavu za namna hiyo mara mbili maishani mwake.

"Dastan!" alipiga kelele, sauti mpaka kwa jirani. "Dastan we! Tafuta pikipiki! Sasa hivi!"

Yeye ndiye aliyekimbia barabarani kusimamisha bodaboda, miguu peku, kitambaa cha kichwani kimedondoka.

Wodi ya watoto katika hospitali ya mjini ilikuwa imejaa. Kila kitanda kilikuwa na watoto wawili, mmoja kichwani mmoja miguuni, na akina mama wengine wamekaa chini kwenye kanga. Vikohozi vilipokezana toka kona hii hadi ile. Nyanjige aliingia akafikiri, hawa wote wana magodoro?

Nesi aliyempokea Marcelo aliitwa Scola, mwanamke mnene, mwepesi, aliyekuwa zamu tangu usiku. Akamtazama kifua mara moja tu, akamkwapua kutoka mikononi mwa mama yake, akamwita daktari kwa jina, akamwekea mtoto vipira vya oksijeni puani. Alipohakikisha hewa inaingia, ndipo akageuka.

"Mama mtoto ni nani?"

"Mimi," Joyness akasema.

"Ameanza kubanwa lini?"

"Jumanne kikohozi. Kubanwa... Jumatano."

"Jumatano! Leo ni siku gani?" Nesi Scola hakuwa na sauti ya kificho, na wodi nzima iligeuka. "Siku tatu unamwangalia mtoto anavuta mbavu hivi, umekaa nyumbani unafanya nini? Unasuka nywele? Ninyi mabinti mnazaa tu, kulea hamjui. Angechelewa mpaka mchana ungekuja na nini hapa? Eh? Nijibu."

Joyness alikuwa amevaa kandambili zisizofanana, moja yake, moja ya Dastan. Alizitazama hizo.

"Nilidhani yatapita," akasema.

*Nilidhani*, alisema. Wala hakumwangalia mkwewe. Nyanjige alikuwa hatua mbili nyuma yake, ameshika mfuko wa nguo za mtoto. Neno lilikuwa tayari mdomoni: ni mimi, nesi, usimgombeze, ni mimi niliyemzuia. Lilikuwa neno fupi tu. Lakini watu walikuwa wanatazama, na miongoni mwao aliona nyuso mbili za kwao Nkololo. Akasubiri jambo lipite, na likapita, kwa sababu nesi aliitwa kitanda kingine.

"Kaa hapo," mama mmoja akamwambia Joyness, akimsogezea kanga. "Usilie. Na mimi nimegombezwa hivyo hivyo."

Mmoja wa wale watu wa Nkololo alikuwa Felisita, mwanajumuiya mwenzake Nyanjige, na mjukuu wa miezi saba mapajani.

"Mwadila, mayu," Felisita akamsalimia, akijitahidi kuinuka.

"Mwadila. Kaa, kaa. Na wewe? Tangu lini?"

"Juzi. Leo ana nafuu kidogo, ananyonya." Felisita akashusha sauti, kama mtu anayetaka kupewa siri. "Lakini mayu, nikuulize. Mimi mito yote ya pamba niliitoa, kama ulivyotuambia. Niliitoa tangu mwaka juzi. Na huyu alipoanza kukohoa, nikafagia nyumba nzima, nikatoa hata pamba ya kusafishia masikio. Nikasema ngoja nisubiri. Sasa nilikosea wapi?"

Aliuliza kwa unyenyekevu kabisa, kama anavyoulizwa daktari. Nyanjige akaweka chini mfuko wa nguo. Akasema anakwenda kutafuta maji.

Daktari Salvatory alikuwa kijana, kwa umri angekuwa mwanawe wa mwisho. Jumapili mchana alipopita kitanda hadi kitanda, Nyanjige alimfuata mpaka kwenye korido. Alitaka kuuliza bila watu.

"Daktari, shikamoo."

"Ah, mama, mimi ndiye wa kukusalimu. Shikamoo."

"Marahaba. Nilitaka kujua. Huyu mjukuu wangu, ni vumbi la pamba?"

Daktari hakucheka. Alikuwa mtoto wa Maswa, baba yake alilima pamba. "Vumbi la pamba linaweza kukera kifua, ndiyo. Lakini hawa wote unaowaona humu, mama, wana virusi. Siyo korona. Ni virusi vya mafua vya siku zote, vile ambavyo kila mtoto huvipata. Vinashuka mpaka kwenye njia ndogo za hewa, zinavimba."

"Mbona mwaka wa korona havikuwepo? Mimi nilitoa pamba ndani, na hakuna aliyekohoa."

"Mwaka ule shule zilifungwa, mama. Watu hawakukaribiana. Virusi hivi vinatembea na watu, mkono kwa mkono, pua kwa pua. Vikakosa njia. Ukiangalia madaftari yetu ya miaka ile, watoto wa kifua walipungua sana. Tukafurahi." Akajikuna kidevu. "Sasa watu wamerudi kukaa pamoja, na virusi vimerudi. Vimekuta watoto wa mwaka mzima, wa miaka miwili, miili yao haijawahi kuvijua. Zamani mtoto wa umri huo angekuwa ameshapambana navyo mara mbili, tatu. Na havifuati tena miezi yake. Mimi mwenyewe nilivitegemea Juni. Nimevipata Februari."

"Lakini Juni," Nyanjige akang'ang'ania. "Miaka yote hiyo, Juni. Pamba ikiingia, wanakohoa. Nimeona mwenyewe."

"Pamba ikiingia, mama, ninyi mnalala wapi?"

Nyanjige hakuelewa swali.

"Sisi kwetu," daktari akasema, "pamba ilijaa vyumba vyote. Tulikuwa watoto saba, tunalala chumba kimoja na baba na mama, dirisha limefungwa kwa baridi. Mmoja akipata mafua, kesho yake wote. Ikiuzwa, tunarudi vyumbani kwetu."

Alimgusa bega, akaenda, anaitwa. Nyanjige akabaki ameegemea ukuta. Aliwaona wale wawili waliozikwa Juni, wamelala kati ya ndugu zao wanaokohoa, na yeye anazunguka nyumba akipambana na vumbi. Aliona pia kitambaa chenye mistari ya bluu kinavyojikunja. Akaketi chini hapo hapo koridoni, mwanamke wa miaka sitini na tatu, akafunika uso kwa mtandio.

Marcelo alitolewa oksijeni Jumatano. Alhamisi aliomba chapati. Ijumaa akatoka. Walirudi Nkololo kwa pikipiki mbili, na majirani wakaja kumwona, wengine na mayai. "Mungu mkubwa," walisema, na Nyanjige akaitikia, "Mkubwa." Mmoja akasema kwa utani, Daktari wa Pamba karudi kazini. Nyanjige akaenda kuangalia mifugo isiyokuwa na shida yoyote.

Joyness hakubadilika. Hilo ndilo lililokuwa gumu. Alipiga magoti kumsalimu mkwewe asubuhi kama zamani, alimtengea maji ya kuoga, alimwita mayu. Hakununa hata siku moja. Ila zamani walikuwa wakichambua mboga pamoja, Joyness akimsimulia mambo ya Malampaka, treni la usiku, wauza karanga, vituko vya mama yake. Sasa alichambua kimya. Ukimuuliza alijibu, usipomuuliza hakukuwa na neno.

Dastan alinunua godoro la sponji. Joyness alilitandika vizuri, akamshukuru mumewe. Usiku alilala mkekani. Alisema sponji linamletea joto.

Aprili walimrudisha mtoto hospitali kuangaliwa kifua. Nyanjige alisema atakwenda naye. Njia nzima alikuwa anapanga maneno. Walipofika alimtafuta Nesi Scola mpaka akampata mezani anaandika, foleni ya akina mama mbele yake. Safari hii hakungoja watu watoke.

"Nesi," akasema kwa sauti. "Mwezi wa pili ulimgombeza huyu binti yangu kwa kuchelewesha mtoto. Hakuwa yeye. Yeye alitaka kuja tangu siku ya kwanza, mimi ndiye niliyemzuia. Nilikuwepo hapa, nikanyamaza, ukamsema mbele ya watu. Nimekuja kusema ilikuwa ni mimi."

Nesi Scola aliinua uso. Alimtazama Nyanjige, akamtazama Joyness, akamtazama Marcelo anayevuta kamba ya kiatu chake.

"Mwezi wa pili?" akauliza. "Samahani, mama. Walikuwa wengi mno. Simkumbuki." Kisha, kwa upole: "Lakini anaonekana mzima. Mweke hapa nimpime."

Walipotoka walisubiri bodaboda kivulini, mtoto katikati yao anakula muwa. Joyness ndiye aliyeanza.

"Mayu, yule siye uliyepaswa kumwambia."

Alisema taratibu, bila hasira. Nyanjige akaitikia kwa kichwa. "Najua, mwanangu, ng'wana wane. Najua." Alitaka kusema nisamehe. Neno hilo linapatikana kwa urahisi kanisani, mnalisema wote kwa pamoja, hata huoni kama umelisema. Pale kivulini halikutoka. Badala yake akasema, "Godoro nitakutengenezea lingine."

"Lingine," Joyness akarudia, akamfuta mtoto mdomo.

Juni pamba ikaiva. Dastan alirudi shambani na mzigo wa kwanza, akasimama uani akisubiri amri kama miaka yote.

"Mama, mwaka huu tuiweke wapi?"

Nyanjige alikuwa amekaa juu ya kigoda. "Muulize mkeo," akasema. "Watoto ni wake."

Dastan akamtazama asiamini, kisha akaenda kuuliza.

Nyanjige alijitengea gunia moja, la pamba nyeupe kuliko zote, akakaa nalo kibarazani. Kutoa mbegu kwa vidole hakuwahi kufanya maisha yake yote. Pamba aliyoijua ni ya kuuza, ile inayoondoka na mbegu zake. Sasa akagundua kwamba nyuzi zinaishikilia mbegu, haziachii, unavuta huku na huku inang'ang'ania, na ukiitoa moja kuna nyingine tano. Asubuhi nzima ilimpa fungu la kujaa kiganja. Ngozi ya kidole gumba ikachubuka, akaifunga kitambaa, akaendelea. Jioni alitazama gunia, likawa kama halijaguswa. Alijaribu kulikumbuka lile godoro: upana wake, unene wake, jinsi Dastan alivyopinda shingo kwa uzito. Apolonia alikaa hivi siku ngapi? Na kifua chake, wakati anakaa hapo, kilikuwa kizima? Hakuwahi kumuuliza chochote yule mwanamke. Walionana mara mbili tu, kwenye mahari na kwenye harusi.

Wiki ya pili Jenifer alianza kukohoa kidogo. Joyness akamhamishia chumba kingine peke yake, akafungua dirisha, akawanawisha watoto mikono, na ikaishia hapo. Hakuuliza ushauri kwa mtu.

Mwisho wa Julai, gari la pamba lilipokuwa limeshakuja na kuondoka, Nyanjige alikuwa amepata pamba ya kutosha mto mmoja. Mto, siyo godoro. Kwa mwendo ule godoro lingemfikisha mwaka mwingine, na vidole vyake vilikuwa vimeshaanza kukataa kunyooka asubuhi. Aliushona kwa kitambaa chenye mistari ya bluu, alichokitafuta maduka manne mjini, na kati ya mistari hiyo na ile ya zamani palikuwa na tofauti ambayo yeye mwenyewe aliiona. Akatia majani makavu aliyoyachuma bondeni, yale yenye harufu ya kama ndimu, kadiri alivyoweza kukumbuka.

Alimpelekea Joyness chumbani, akampa kwa mikono miwili, kama mkwe anavyompa mama mkwe.

"Asante, mayu," Joyness akasema.

Aliushika, akaubonyeza, akaona ulivyo laini. Kisha akauinua usoni. Hakuuinua kidogo kwa adabu. Aliuzamisha uso wote, akavuta pumzi ndefu, akanyamaza, akavuta tena, akageuza upande wa pili, akavuta huko pia, kama mtu anayeita jina mlangoni na kusikiliza. Nyanjige alisimama anangoja, na alijua anangoja nini.

Joyness akautoa usoni. Macho yalikuwa makavu.

"Mama alikuwa anatumia majani mengine," akasema.

Akaenda mkekani alipolala Marcelo, akamwinua kichwa polepole, akamwekea mto. Mtoto akageuka ubavu, akapumua, pumzi nzuri isiyo na sauti. Wanawake wale wawili walisimama wakaisikiliza mpaka Joyness alipochukua ndoo kwenda kisimani. Nyanjige akarudi kibarazani, akakaa kwenye kigoda, akaingiza mkono katika gunia, akatoa pamba nyingine, akaanza kutafuta mbegu.